Gari kuzima njiani: tuache kupandisha sailensi, tutafute chanzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenye magari, madereva na mafundi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe kuhusu magari ya zamani yanayozima njiani. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, malalamiko haya hujaa gereji zetu, na ukipanda Kitonga hukosi kuona gari dogo limeegeshwa pembeni, boneti wazi. Kinachonisukuma kuandika ni dawa tunayowapa wateja.

Dawa hiyo wengi wanaijua. Fundi anafungua boneti, anachukua bisibisi, anakaza skrubu ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini, mpaka sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda kutoka 750 hadi 1,300 au zaidi. Gari halizimi tena pale gereji. Mteja analipa, anaondoka. Wiki ikipita linazima vilevile, na sasa lina matatizo mapya: linakula mafuta, ukiingiza D gia inagonga, na kwenye mteremko wa Iwambi linakusukuma wakati wewe unataka lipunguze mwendo, breki zinapata moto bure. Kuna ubaya mwingine usioonekana. Katika injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990, sensa ya throto ina swichi inayoiambia kompyuta kwamba dereva ameachia mafuta. Ukiisogeza throto kwa skrubu, swichi ile haifungi, kompyuta inadhani mguu bado uko kwenye pedeli, na kazi yake ya kushika sailensi inakufa. Umezidisha ugonjwa uliokuja kuutibu. Skrubu ile ilitegwa kiwandani na haikuwekwa kwa ajili ya marekebisho ya barabarani. Kama imeshachezewa, irudishwe mpaka kipepeo cha throto kifunge bila kukwama ukutani, kisha sensa itegwe upya.

Dawa ya pili ni kubadilisha spea kwa kupiga ramli: leo plagi, kesho koili, keshokutwa pampu. Mwenye gari anamaliza fedha na chanzo hakijaguswa.

Swali la kwanza gereji liwe: linazima wakati gani? Likiwa la baridi asubuhi, ukisimama kwenye taa, ukipanda mlima, likishapata moto, au popote tu kama vile mtu amezungusha ufunguo? Kila jibu lina njia yake. Dereva naye ana jambo moja la kuangalia linaloweza kuokoa siku nzima ya kazi. Gari la gia za mkono likizima huku bado linatembea na gia imo, tazama mshale wa RPM. Ukianguka hapohapo hadi sifuri ilhali magurudumu bado yanazungusha injini, moto wa plagi ndio umekatika: koili, ignaita (kifaa cha kielektroniki kinachoendesha koili), sensa ya distribyuta (kigawa moto kwa plagi), au waya wake. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, huku gari likivutavuta, shuku mafuta. Mweleze fundi hivyo kabla hajagusa kitu.

Nianze na linalozima ukisimama, maana ndilo linaloongoza. Fungua mpira wa hewa unaotoka kwenye ea klina, kisha fungua kipepeo cha throto kwa mkono, ufunguo ukiwa umezimwa. Utakuta duara jeusi la masizi pale kipepeo kinapogusana na ukuta. Upenyo mdogo uliopaswa kupitisha hewa ya sailensi umezibwa na masizi hayo. Lowesha kitambaa safi kwa dawa ya kusafishia kabureta na ufute pande zote mbili za kipepeo. Usikwangue kwa bisibisi wala waya, utaacha mikwaruzo ambayo hewa itapitia siku zote. Kisha shuka kwenye valvu ya sailensi, ile tunayoiita ISC, ambayo kwenye Corolla na Carina nyingi imefungwa chini ya throto. Skrubu zake hukaza sana kwa miaka, kwa hiyo tumia bisibisi ya nyota inayojaa kichwani na uigonge kidogo kwanza, la sivyo utaziua. Puliza dawa hadi maji yatoke meupe, badilisha gasketi, rudisha. Washa na uache injini ingurume dakika kumi bila kugusa pedeli ili kompyuta ijitafute. Gari zenye throto ya umeme, isiyovutwa kwa waya kutoka kwenye pedeli, ni habari nyingine. Hizo usisukume kipepeo kwa kidole.

Kama throto ni safi na bado linazima, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Injini ikiwa inawaka, bana mipira ya vakyumu, yaani ya mvuto wa hewa wa injini, mmojammoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ukibana mpira mnene unaokwenda kwenye hidrovaki ya breki (kifaa kinacholainisha pedeli ya breki) na sailensi ikabadilika sana, hidrovaki inavuja, na hilo ni suala la breki kabla ya kuwa la injini. Mimina maji ya sabuni kidogo kwenye maungio ya manifodi ya kuingizia hewa. Mahali panapovuja mlio utabadilika ghafla. Watu hupenda kupuliza dawa ya kabureta hapo kwa sababu jibu linakuja haraka, lakini juu ya ekzosi yenye moto ni kuchezea ajali.

Kwa gari zenye kifaa cha kupima hewa karibu na ea klina, kagua ule mpira wenye mikunjo kati ya kifaa hicho na throto. Huchanika upande wa chini, ndani ya mikunjo, ambako macho hayafiki. Gari lisipotembea ufa unajifunga na sailensi inatulia. Ukiondoka, injini inalala upande mmoja, ufa unafunguka, hewa isiyopimwa inaingia, gari linazima. Enjini mauntini, mipira inayoshikilia injini, zikiwa zimekufa hali inakuwa mbaya zaidi. Uvue kabisa na uukunje mikononi kwenye mwanga.

Sasa baridi. Hapa kwetu kuna kosa ambalo limekuwa desturi: kutoa thamostati na kuitupa ili injini isichemshe. Huenda ukaishi nalo Kyela. Mbeya mjini, kwenye takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, au Njombe na Makete ambako kuna asubuhi zenye sakitu, injini hiyo haifiki joto lake la kazi. Kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya kuwashia baridi, plagi zinakuwa nyeusi, sailensi inayumba, gari linazima. Thamostati ya injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Irudishwe. Kama gari linachemsha, tafuta kinachochemsha: rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji, au mfuniko wa rejeta usioshika presha. Mfuniko huo ni muhimu zaidi huku juu kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa kwenye mwinuko wa Mbeya maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94.

Sailensi ikipanda na kushuka yenyewe, 1,000 kisha 1,800 kisha 1,000, angalia kwanza maji ya rejeta. Injini nyingi za zamani zina valvu ya hewa chini ya throto inayopashwa moto na maji hayo. Yakipungua au yakiwa na hewa ndani, valvu inabaki wazi na injini inaanza kuwinda. Jaza, toa hewa, kisha ndipo uendelee. Hili halihitaji spea hata moja.

Sensa ya joto la maji pia husingiziwa na kusahauliwa kwa wakati mmoja. Kumbuka mara nyingi ziko mbili: yenye waya mmoja ni ya geji ya dashibodi, yenye waya mbili ni ya kompyuta. Mafundi wengi hubadilisha ya geji na kushangaa gari halijapona. Ya kompyuta ipime kwa multimita (kipima umeme), upande wa omu yaani ukinzani: ikiwa kwenye maji ya nyuzi 20 isome kati ya omu 2,000 na 3,000, na kwenye maji ya nyuzi 80 isome omu 200 hadi 400. Sufuria ya maji ya moto na kipimajoto vinatosha. Sensa ikidanganya kwamba injini ina moto, asubuhi gari litawaka na kufa. Ikidanganya kwamba ni baridi, litalowa mafuta likishapata moto.

Wenye magari ya kabureta, na bado yapo mengi hasa pikapu za mashambani, wana jambo la mwinuko. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyotegwa Dar es Salaam ikifika huku inatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo: moshi mweusi, plagi zenye masizi, kuzima ukiachia pedeli. Ifanye hivi injini ikiwa na moto. Kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse mwisho, bila nguvu, maana ncha yake ikiharibika kabureta imekwisha. Ifungue mizunguko miwili hadi miwili na nusu, washa, kisha ikaze robo kwa robo ukisikiliza pale injini inapozunguka vizuri zaidi. Hapo ndipo utege sailensi. Gari likiishi tu ukiwa umekanyaga na kufa ukiachia, jeti ya sailensi (tundu dogo la mafuta) imeziba, au ile solenoidi ndogo ya kukata mafuta haifunguki. Washa ufunguo bila kuwasha injini: isipolia "tik" ukiiunganisha, tafuta umeme wake. Jeti isafishwe kwa upepo wa kompresa. Waya unaipanua.

Na Tukuyu, kwenye mvua na ukungu, kabureta inaweza kuganda barafu ndani ingawa nje hakuna barafu, kwa sababu petroli ikigeuka mvuke hufyonza joto. Gari linapoteza nguvu, linazima, ukisubiri dakika kumi linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Dawa ni lile bomba linaloleta hewa ya uvuguvugu kutoka juu ya ekzosi hadi ea klina, ambalo mafundi hulitoa wakidhani ni pambo. Lirudisheni.

Linalozima ukipanda tu, Kitonga au barabara ya Chunya kabla ya Kawetire, lina njaa ya mafuta mpaka ithibitike vingine. Injini inaomba mafuta mengi, njia haiyapitishi. Anza na kisichogharimu kitu: likizima, fungua mfuniko wa tenki na utegee sikio. Ukisikia tenki likivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba, na pampu ilikuwa inapigana na utupu. Safisha mfuniko na mpira wa kupumulia. Kama si hilo, filta. Ivue, igeuze, umimine mafuta ya upande wa kuingilia kwenye chombo cheupe. Utaona kutu, vumbi, au matone ya maji yanayobingirika chini. Petroli ya kwenye vidumu ya kando ya barabara ndiyo chanzo kikubwa. Ukiitilia shaka, jaza chupa angavu, iache robo saa, maji yatakaa chini yenyewe.

Pampu ipimwe kabla ya kuhukumiwa. Ndani ya boneti ya Toyota nyingi za miaka hiyo kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha Fp na +B kwa waya mfupi, washa ufunguo, na utasikia pampu ikinguruma na mafuta yakipita kwenye bomba la kurudi. Gari likiwaka ukiwa umeunganisha hivyo, na bila waya huo halipati mafuta, tazama rilei na waya. Geji ya presha kwenye Corolla na Carina hizo isome kati ya psi 38 na 44 mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa kwenye regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta), na kama psi 30 hadi 37 ukiwa umerudishwa. Ikisoma sawa gereji, bado usitosheke. Ifunge nje ya kioo cha mbele kwa utepe, usiingize bomba la petroli ndani ya gari kamwe, upande nalo kilima. Presha inayoshuka kadiri unavyokanyaga ni filta, soksi ya pampu ndani ya tenki, au pampu iliyochoka. Na madereva, msipande mlima na taa ya mafuta imewaka. Mafuta hukimbilia nyuma ya tenki, pampu inavuta hewa na uchafu wa chini, tena inapoa kwa mafuta hayohayo inayokosa.

Ugonjwa unaowasumbua mafundi kuliko yote ni wa gari linalozima likishapata moto, linagoma nusu saa, kisha linawaka na kuendelea. Likifika gereji limeshapoa na kila kitu kinapima sawa. Hapa kazi ifanyike ndani ya dakika mbili za kwanza baada ya kuzima, kwa hiyo beba kwenye gari plagi ya akiba na spana yake. Toa waya mmoja wa plagi, chomeka ile ya akiba, ishikishe kwenye chuma cha injini mbali na petroli, mtu apige stata. Cheche ya bluu inayoruka kwa kelele inasema moto upo, hivyo geukia pampu. Isipokuwapo, weka kitambaa chenye maji juu ya mwili wa ignaita kwa dakika chache, usimwage maji, ujaribu tena. Moto ukirudi umempata mhalifu. Ukikataa, fanya vivyo hivyo kwa koili, na mwisho shuku koili ndogo ya sensa ndani ya distribyuta, ambayo hukatika ndani kwa joto na kujiunga ikipoa. Ignaita mpya au ya mtumba ikifungwa, ipakwe ile grisi nyeupe ya kupitisha joto mgongoni. Ikifungwa kavu itakufa tena, na fundi atalaumu spea.

Injini zenye pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa injini hupata jambo linalofanana nalo: petroli inachemka kwenye bomba kabla ya kufika. Kitambaa kibichi kwenye pampu na bomba, si kwenye ekzosi, na gari litaondoka. Baadaye bomba lisogezwe mbali na moto.

Linalozima popote na dashibodi yote ikipotea ni la umeme. Tikisa tamino za betri na waya wa athi. Tikisa ufunguo: mafungu mazito ya funguo huchosha swichi mpaka inakata kila gari likiruka shimo. Betri isome volti 12.6 ikipumzika na kati ya 13.8 na 14.5 injini ikiwaka.

Kwenye kiboksi kilekile cha DIAGNOSIS, ukiunganisha TE1 na E1 na kuwasha ufunguo bila injini, taa ya injini itahesabu makosa kwa kupepesa. Mpepeso mmoja, kituo, minne ni 14: kompyuta haipati jibu la ignaita. 12 na 13 ni ishara za mzunguko kutoka kwenye distribyuta, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni kipimo cha hewa au vakyumu, 41 ni sensa ya throto. Ikipepesa haraka bila kituo hakuna kosa lililohifadhiwa. Angalia usiguse +B kwa waya huo. Namba ikitokea, pima waya na soketi kwanza. Soketi yenye ukungu wa kijani imewagharimu watu sensa nzima bila sababu.

Siku za mvua, ukifungua boneti gizani ukaona cheche za bluu zikitambaa juu ya waya za plagi, umepata jibu. Kila waya usizidi omu 25,000, na kifuniko cha distribyuta kikaguliwe nyufa za mstari mweusi. Kwa dizeli niseme machache: toa maji chini ya filta, piga pampu ya mkono, na bomba lolote linalolowa dizeli ndilo linaloingiza hewa.

Kwa mafundi wenzangu naomba mawili. Multimita na geji ya presha ya mafuta viwe mali ya kila gereji inayopokea magari ya EFI, yaani yanayopuliziwa mafuta kwa kompyuta. Pia spea ya zamani arudishiwe mwenyewe mkononi, pamoja na kipimo kilichoonyesha kwamba imekufa. Asiyeweza kusema alipima nini asiruhusiwe kufungua.

Na dereva ambaye limemzimikia mlimani: breki zina msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa uthabiti, usipige pampu. Usukani utakuwa mzito. Usirudishe ufunguo hadi mwisho gari likiwa linatembea, usukani utafunga. Vuta hendibreki, weka gia ya kwanza au P, washa taa za hatari, weka pembetatu ya tahadhari mbali nyuma yako, kabla ya kona na si baada yake. Utegaji wa mawe nyuma ya magurudumu ni sahihi. Ukiondoka yatoe barabarani, maana pikipiki inayoshuka Kitonga usiku haiyaoni.

Fundi wa injini,
Mwanjelwa, Mbeya